Theodore Roosevelt na Askari 167 Wasiosikilizwa

Usiku, pale kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, ambapo mto hutoka Ziwa Kivu na kuanza safari yake ya kuteremka hadi Tanganyika, askari aliye zamu hubaki na mlio wa maji na mawazo yake mwenyewe. Watu wa Kamembe wamelala. Vilima vya ng'ambo vimefunikwa na giza. Katika saa kama hizo, askari wa nchi yoyote hujiuliza maswali mawili. La kwanza: je, mkubwa wangu atakuja kujionea kwa macho yake jinsi ninavyolinda? La pili: likitokea jambo, je, nitasikilizwa kabla sijahukumiwa?

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu walio jeshini na katika polisi maisha ya mtu ambaye, kwa wakati wake, aliyajibu maswali yote mawili. La kwanza alilijibu kwa sifa. La pili alilijibu kwa namna iliyoacha doa katika jina lake hata baada ya kifo. Mtu huyo ni Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani.

Mtoto wa Waholanzi wa kale

Mji wa New York haukuanza kwa jina hilo. Waholanzi walioujenga katika karne ya 17 waliuita New Amsterdam, na ukawa makao makuu ya koloni lao hadi Waingereza walipouteka mwaka 1664. Bendera ya Uholanzi ilishushwa, lakini wenyewe hawakuondoka. Kutokana na koo zao alizaliwa Martin Van Buren, Rais wa nane wa Marekani, na Cornelius Vanderbilt, tajiri mkubwa wa meli na reli. Ukoo wa Roosevelt nao ulishuka kutoka kwa Claes van Rosenvelt, Mholanzi aliyehamia huko katikati ya karne hiyo hiyo. Ukoo huo ulitoa marais wawili: Theodore tunayemsimulia, na Franklin, jamaa yake wa mbali, aliyeiongoza nchi hiyo katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Theodore alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Hata hivyo mali haikumpa afya. Alikuwa mtoto wa pumu, mwembamba, mwenye macho dhaifu. Baba yake alimwambia kwamba akili anayo, lakini mwili itambidi aujenge mwenyewe. Kijana akaanza mazoezi ya viungo, ndondi na kupanda farasi, na tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote. Alihitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1880, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mbunge katika baraza la jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 23.

Tarehe 14 Februari 1884 alipatwa na msiba ambao ungemvunja mtu mwingine. Mama yake na mkewe walifariki siku moja, katika nyumba moja. Alikwenda mbali, katika nyika za Dakota, akafuga ng'ombe na kuishi na wachungaji. Huko, mwaka 1886, wezi watatu walimwibia mashua yake. Roosevelt, aliyekuwa na madaraka ya naibu wa sherifu, aliwafuata pamoja na wenzake wawili katika mto uliojaa barafu, akawakamata. Wengi wa majirani zake wangewaua wezi hao papo hapo, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya nyika. Yeye aliwachukua kwa siku nyingi, na sehemu ya mwisho ya safari aliwalinda peke yake, akitembea kwa miguu nyuma ya gari bila kulala, hadi alipowakabidhi mikononi mwa sheria wakiwa hai. Tulikumbuke tendo hilo, kwani tutalirudia.

Kamishna wa usiku

Mwaka 1895 Roosevelt alifanywa mwenyekiti wa Bodi ya Makamishna wa Polisi ya New York. Idara aliyoikuta ilikuwa imeoza. Mwaka mmoja kabla, kamati ya uchunguzi ilikuwa imefichua kwamba vyeo viliuzwa kama bidhaa sokoni. Kapteni mmoja alikiri mbele ya kamati kwamba alilipa dola 15,000 ili apate cheo chake. Mtu aliyenunua cheo kwa fedha nyingi namna hiyo hana budi kuzirudisha, na alizirudisha kwa kuwatoza wenye vilabu vya pombe, wenye kamari na hata wachuuzi wa barabarani.

Kamishna mpya hakungoja taarifa mezani. Usiku wa manane alivaa koti, akavuta kofia hadi usoni, akatoka kwa miguu pamoja na rafiki yake Jacob Riis, mwandishi wa habari aliyeijua mitaa ya maskini kama kiganja cha mkono wake. Walipita lindo baada ya lindo. Mahali pengine hawakumwona askari kabisa. Pengine walimkuta amelala, au yumo kilabuni, au amesimama akipiga soga wakati zamu yake haina mtu. Kulipopambazuka, askari hao waliitwa ofisini, na hapo ndipo walipomtambua yule mtu wa miwani waliyemjibu kwa jeuri usiku.

Lakini tusimwone kuwa mtu wa kuadhibu tu. Alitafuta mema kwa bidii ile ile aliyotafutia maovu. Alimgundua askari mmoja mkongwe aliyekuwa ameokoa watu wapatao 25 wasife maji. Kwa miaka mingi idara haikumpandisha cheo, tena ilimtaka alipie mwenyewe sare iliyoharibika kila alipojitosa mtoni. Kosa lake lilikuwa moja: hakuwa na mkubwa wa kumsemea. Bodi mpya ilimpandisha cheo. Roosevelt alisisitiza kuwa askari aajiriwe na kupandishwa kwa uwezo wake, si kwa chama chake, kabila lake wala dini yake, na akaanzisha mafunzo ya kulenga shabaha kwa bastola, kwa sababu askari asiyejua silaha yake ni hatari kwa raia kuliko kwa mhalifu.

Mwaka huo huo wa 1895 alifika New York mhubiri mmoja kutoka Ujerumani, Hermann Ahlwardt, ambaye kazi yake ilikuwa kueneza chuki dhidi ya Wayahudi. Wayahudi wa mji waliomba azuiwe. Roosevelt alijua kwamba kumzuia kungemfanya aonekane shujaa aliyeonewa. Basi akampangia ulinzi wa askari polisi wa Kiyahudi, chini ya sajenti Myahudi. Mhubiri wa chuki akahutubu, akirudi na kwenda chini ya ulinzi wa watu wale wale aliowatukana, wala hakuna aliyemgusa hata ukucha. Twaona kwamba somo hilo la nidhamu lilizidi hotuba nyingi.

Mlimani Kuba

Mwaka 1897 Roosevelt aliondoka polisi akawa Naibu Waziri wa Jeshi la Majini. Vita kati ya Marekani na Hispania kwa ajili ya Kuba ilipozuka mwaka 1898, aliacha kiti chake akajiunga na jeshi akiwa luteni kanali wa rejimenti moja ya wapanda farasi wa kujitolea. Walikuwemo wachungaji wa ng'ombe, Wahindi Wekundu, askari polisi wa New York na vijana wa vyuo vikuu. Meli hazikutosha, farasi wengi wakaachwa pwani, na wapanda farasi wakapigana kwa miguu.

Tarehe 1 Julai 1898 aliongoza mashambulizi ya kupanda kilima cha Kettle karibu na mji wa Santiago, akiwa juu ya farasi mbele ya watu wake, shabaha iliyo wazi kwa kila bunduki ya adui. Siku hiyo ndiyo iliyomfanya maarufu kote Marekani. Lakini hakupanda peke yake. Kando yake walipanda askari weusi wa rejimenti za 9 na 10 za wapanda farasi, na siku hiyo hiyo, mahali paitwapo El Caney, rejimenti ya 25 ya askari weusi wa miguu ilikuwa katika mapambano makali ya kuiteka ngome ya Wahispania. Katika rejimenti hiyo ya 25 alikuwemo sajenti mmoja aitwaye Mingo Sanders. Inasimuliwa kwamba watu wa Roosevelt walipoishiwa chakula huko Kuba, yeye mwenyewe alimwomba sajenti huyo awagawie biskuti ngumu za jeshi, naye akawagawia. Jina hilo nalo tulikumbuke.

Kwa askari wake Roosevelt alikuwa kama baba. Alipokwenda ghalani kuwaombea maharagwe, akaambiwa kuwa maharagwe hayo ni ya maofisa tu, aliondoka, akarudi, akaomba ratili 1,100, yaani karibu kilo 500, kwa matumizi ya maofisa wake. Mwenye ghala alishangaa maofisa gani hao wenye tumbo kubwa hivyo, akamwonya kwamba fedha zaweza kukatwa katika mshahara wake. Hakujali. Baada ya mapigano, malaria na homa ya manjano zilipoanza kuwamaliza askari, aliungana na makamanda wenzake kudai waziwazi kwamba jeshi lirudishwe nyumbani, ingawa wakubwa wa Washington walikasirika. Jeshi likarudishwa.

Hata hivyo mwaka 1899, alipoandika habari za vita hivyo, aliwashusha wale askari weusi, akidai kwamba walitaka kurudi nyuma na kwamba hawawezi kitu bila maofisa wazungu. Sajenti Presley Holliday wa rejimenti ya 10, aliyekuwepo pale, alimjibu gazetini na kueleza kwamba askari hao walikuwa wakitekeleza amri ya kuleta vifaa na kuwasaidia majeruhi. Huo ulikuwa ufa wa kwanza.

Rais, na usiku wa Brownsville

Mambo yalikwenda mbio. Gavana wa New York mwaka 1899, Makamu wa Rais mwaka 1901, na tarehe 14 Septemba mwaka huo, Rais William McKinley alipofariki kwa risasi ya muuaji, Roosevelt akaapishwa kuwa Rais akiwa na umri wa miaka 42. Hakuna aliyeshika kiti hicho akiwa kijana kuliko yeye. Alipambana na makampuni makubwa yaliyohodhi biashara, akaanzisha ujenzi wa Mfereji wa Panama, akatenga misitu na mbuga nyingi zisiguswe. Mwaka 1905 aliwapatanisha Warusi na Wajapani waliokuwa vitani.

Sasa twafika kwenye doa. Mwishoni mwa Julai 1906 batalioni ya kwanza ya rejimenti ya 25, ile ya El Caney, ilihamishiwa kambi ya Brownsville, jimbo la Texas, mpakani mwa Mexico. Wenyeji wengi hawakutaka askari weusi katika mji wao. Karibu na usiku wa manane wa tarehe 13 Agosti, watu wasiojulikana walifyatua risasi mitaani. Mhudumu mmoja wa kilabu cha pombe aliuawa, na afisa mmoja wa polisi alijeruhiwa vibaya. Wenyeji walisema ni askari. Walionyesha maganda ya risasi za bunduki za jeshi. Maofisa wazungu wa kambi walisema kwamba askari walipohesabiwa usiku ule walikuwepo kambini, na bunduki zilipokaguliwa hazikuonekana kuwa zimetumika.

Wapelelezi wa jeshi walianza kwa kuamini kwamba askari wana hatia, kisha wakawataka wawataje wenzao. Kila mmoja alisema hajui. Kutojua kwao kuliitwa njama ya kunyamaza. Wakaonywa kwamba wasipotaja, wote watafukuzwa. Hawakuwa na la kutaja. Tarehe 5 Novemba 1906 Rais Roosevelt alitia sahihi amri ya kuwafukuza askari 167 bila heshima, wasirudi jeshini tena wala kupata kazi ya serikali. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Hakuna hata mmoja aliyethibitishiwa kosa. Amri ilitangazwa baada ya uchaguzi wa bunge kupita, ambao watu weusi wengi walikipigia kura chama cha Rais.

Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwa Sajenti Mingo Sanders, mtu wa miaka 26 ya utumishi, aliyekuwa amebakiza muda mfupi tu apate pensheni yake. Biskuti alizogawa Kuba hazikumsaidia. Aliomba arudishwe, akakataliwa.

Majuma matano baadaye, tarehe 10 Desemba 1906, Roosevelt alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa upatanishi wake wa Urusi na Japani, Mmarekani wa kwanza kupata heshima hiyo. Aliyewasikiliza wajumbe wa wafalme wawili hadi wakapatana hakupata nafasi ya kumsikiliza sajenti wake. Seneta Joseph Foraker wa Ohio, wa chama chake mwenyewe, aliwatetea askari hao bungeni kwa ujasiri. Roosevelt alikasirika, lakini hakurudi nyuma. Baraza la uchunguzi lililoundwa baadaye liliwaruhusu 14 tu waandikishwe tena.

Jirani na kwetu

Roosevelt aliacha urais tarehe 4 Machi 1909, na kabla mwezi haujaisha alikuwa baharini kuja Afrika. Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, akiongoza msafara wa wapagazi zaidi ya 200 pamoja na askari wa ulinzi, kwa ajili ya kukusanya wanyama wa makumbusho ya Washington. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa, na mwanawe wakamwita Bwana Maridadi. Baba na mwana waliua wanyama wakubwa 512. Mwishoni mwa mwaka walivuka Uganda, wakapita Ziwa Albert, na mwanzoni mwa 1910 wakapiga kambi Lado, ukingo wa magharibi wa Nile, kuwinda vifaru weupe, kabla ya kufika Khartoum mwezi Machi.

Hakufika Rusizi. Lakini alipita kati ya watawala wale wale waliokuwa wakiikata ardhi yetu. Katika mwaka huo wa 1910, wajumbe wa Ujerumani, Uingereza na Ubelgiji walikutana Brussels, wakakubaliana kwamba mpaka upite katika Ziwa Kivu na kufuata mto Rusizi, na kisiwa cha Ijwi kikawa upande wa Kongo. Mfalme Musinga hakuwa mezani. Wavuvi wa ziwa hili hawakuulizwa. Hatusemi haya ili kufukua mipaka, maana kazi ya askari ni kuulinda mpaka alioupokea. Twasema ili ionekane kwamba kuamua bila kusikiliza ilikuwa tabia ya wakati ule. Roosevelt naye, katika safari yake, aliwasikiliza magavana na walowezi, na watu weusi waliombebea mizigo aliwaandika kama watoto.

Risasi ya Milwaukee

Mwaka 1912 aligombea urais tena kwa chama kipya. Tarehe 14 Oktoba, mjini Milwaukee, mtu mmoja alimpiga risasi kifuani. Risasi ilipenya karatasi za hotuba zilizokunjwa na kasha la miwani ya chuma, na hayo ndiyo yaliyomwokoa. Watu walitaka kumuua mshambuliaji pale pale. Roosevelt, damu ikimtoka, aliamuru asidhuriwe bali akabidhiwe polisi, kisha akaenda kuhutubu kwa zaidi ya saa nzima. Mshambuliaji alichunguzwa na madaktari, akaonekana hana akili timamu, akawekwa hospitalini hadi kufa kwake.

Hapo alikuwa tena yule kijana wa Dakota aliyewafikisha wezi kwa sheria wakiwa hai. Ndiyo maana jambo la Brownsville hutuuma zaidi. Mwizi wa mashua alipewa sheria, mhubiri wa chuki alipewa ulinzi, na hata mtu aliyetaka kumwua alipewa daktari. Askari 167 waliovaa sare ya nchi yake hawakupewa hata siku moja ya mahakama. Mwaka uliofuata Roosevelt alichapisha kitabu kikubwa cha maisha yake. Brownsville haimo.

Uchaguzi alishindwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia Marekani mwaka 1917 aliomba apewe kikosi, akanyimwa, lakini wanawe wanne walikwenda. Mdogo wao, Quentin, aliyekuwa rubani, aliuawa angani Ufaransa tarehe 14 Julai 1918. Baba hakupona jeraha hilo. Alifariki usingizini nyumbani kwake tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Nishani ya juu ya ushujaa aliyoitamani kwa vita vya Kuba ilitolewa mwaka 2001, yeye akiwa kaburini.

Wale askari nao walingoja. Mwaka 1972, baada ya miaka 66, Jeshi la Marekani liliifuta adhabu yao na kuwaandika kuwa waliondoka kwa heshima. Mingo Sanders alikuwa amekwisha kufa mwaka 1929. Kati ya wale ambao hawakurudishwa jeshini, aliyekutwa hai ni mmoja tu, Dorsey Willis, mzee aliyekuwa amesafisha viatu na kufagia katika duka la kinyozi mjini Minneapolis kwa miongo mingi. Mwaka 1973 bunge liliidhinisha alipwe dola 25,000. Alifariki mwaka 1977.

Ndugu wasomaji, methali yetu husema samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo humfaa mwuza samaki wa Kamembe, ambaye akisita mchana mmoja atapoteza tenga zima. Askari si samaki. Kikosi chaweza kuwa na mkosaji mmoja, au kisiwe naye kabisa, na kazi ya mkubwa ni kumtafuta kwa ushahidi, si kuwatupa wote ili apate usingizi. Roosevelt wa New York alijua hilo, kwa kuwa alitoka usiku akatembea mwenyewe kutoka lindo hadi lindo, akatofautisha aliyelala na aliyekesha. Roosevelt wa Brownsville alikaa mezani akasoma taarifa.

Kwa hiyo, wewe uliye na cheo, uwe sajenti wa zamu au kamanda wa wilaya, usiku wa leo teremka hadi darajani. Mwulize askari wako jina lake na hali yake. Na siku atakaposhtakiwa, msikilize kwanza.